Mama Mkwe Aliyeomba Maji kwa Wimbo

Wanangu, juzi mlikuja kuniamkia na vyeti vyenu vipya vya kuuguza watu majumbani, mmevaa aproni nyeupe, kila mmoja na boksi lake la glavu kwapani. Nilifurahi hata nikasahau kuwapa chai. Mkaniomba niwaandikie niliyoyaona katika kazi hii, maana mmesikia kwamba Bibi Kadzo ameuguza nusu ya wazee wa Amu, kisiwa chetu hiki cha Lamu. Huo ni uongo. Nusu ya wazee wa Amu walikuwa wakaidi, hawakukubali kuuguzwa na mtu. Mimi nimeuguza ile nusu nyingine.

Cheti sina. Chuo changu kilikuwa chumba kimoja cha chini mtaani Langoni, na mwalimu wangu alikuwa mwanamke aliyepooza upande mmoja, tena hakunipenda. Alikuwa mama mkwe wangu. Nitawapa habari zake, kwa kuwa kila nilichokifanya baadaye katika nyumba za watu, kugeuza, kulisha, kuogesha, hata kunyamaza, nilijifunza kwake. Na imani yangu niliipata palepale kando ya kitanda chake, wala si kanisani. Kanisa lenyewe la Amu miaka ile ya hamsini lilikuwa makarani na askari wachache waliokutana Jumapili kwenye kibaraza cha nyumba ya serikali. Mmoja akipata homa, sauti nzito haipo siku hiyo.

Uhuru ulikuwa bado. Serikali ilikuwa na kambi ya mahabusu kule Manda, na Manda maji ya kunywa ni shida, basi mume wangu Yona alipata kazi kwenye mashua ya kupeleka maji. Juma zima alikuwa huko, nyumbani alirudi Jumamosi jioni. Yona alikuwa Mpokomo wa Mto Tana, na mamake, Mama Debora, alibatizwa tangu msichana kwenye misheni ya kule mtoni. Alipofiwa na mume alimfuata mwanawe huyu wa pekee mpaka Amu, na sanduku lake la mbao na nyimbo zake zote kichwani.

Mimi ni Mgiriama wa bara, upande wa Witu. Kwetu tulikuwa watu wa koma. Ukinywa tembo, unawamwagia kidogo wazee waliotangulia. Ukiugua, unauliza ni mzee gani amekasirika. Mama Debora hakumsamehe Yona kwa kunioa. Hakunitukana, hapana, alikuwa mtu wa heshima. Alizungumza na paka. Alikuwa akikaa kwenye mkeka wake na bakuli la uji mkononi, anamwambia paka: "Mwambie huyu wa koma uji wake una madonge."

Na kweli ulikuwa na madonge. Nilikuwa namwaga unga kwenye maji yanayochemka, kosa la mtu asiye na subira. Lakini jina langu, wanangu, mwanamke yule hakulitamka hata mara moja. Kwa Yona nilikuwa "mkeo", kwa paka nilikuwa "huyu wa koma".

Asubuhi moja alikuwa anachagua mchele, sinia likaanguka. Nilitoka jikoni nikamkuta amelala ubavu, mkono wa kulia umelegea, mguu hivyohivyo, na mdomo umekwenda upande. Alitaka kusema kitu, ikatoka "ba, ba", basi. Hospitali walimtazama, wakatueleza kwa upole kwamba dawa ya kurudisha ulimi hawana. Mlisheni, mgeuzeni, muwekeni safi. Yona alilia mpaka kikoi kikalowa. Jumatatu akarudi kwenye mashua, kwa sababu mahabusu nao wana kiu.

Nikabaki peke yangu na mwanamke ambaye hata paka hakuweza tena kumwambia lolote. Nilikuwa na hofu, nilikuwa na hasira, na mgongo uliniuma. Baba yangu aliniletea salamu kutoka bara: koma wa watu wale wamekasirika, toka nyumba hiyo kabla hawajakugeukia. Niliamini. Kila kuta zilipolia kwa joto nilidhani ni wao. Lakini mtu atatokaje na mwenzake amelala, hawezi hata kumfukuza nzi? Nikawa nafanya kazi ya siku nzima na roho iko mlangoni.

Sasa sikilizeni kuhusu godoro, maana mkinisahau mimi msilisahau hili. Nilimhurumia mama mkwe, nikaona kitanda chake cha kamba ni kigumu. Nikaomba kwa mtu godoro la sufi, nene, nikamlaza juu yake kama bibi harusi. Nilijiona nina akili sana. Siku chache baadaye akawa ananuka jasho, na pale juu ya makalio ngozi imekuwa nyekundu.

Mwenye nyumba yetu alikaa juu, Bi Zuena, mjane wa Kiamu wa watu na heshima zao. Alikuwa amemuuguza mamake mzazi mpaka mwisho. Alisikia harufu ikipanda ngazi, akashuka na buibui lake mabegani, akainua shuka.

"Kadzo, hapa wauguza mtu ama wakaanga samaki?"

"Nimemwekea godoro, Bi Zuena, alale vizuri."

"Liondoe. Mkweo apikwa. Kitanda cha kamba chavuta upepo tini, mwili wapoa." Alikibonyeza kitanda katikati, kikazama. "Na hiki nacho kimelegea kama bembea ya mtoto. Mwite fundi akikaze hapa kiunoni, huku miguuni akiwate kidogo."

Kiliwambwa upya kwa ukambaa, zile kamba bapa za miyaa, majani ya kusukia mikeka, zilizosukwa kwa mkono, kikakazwa kiunoni na kulegezwa penye visigino. Juu yake mkeka laini na shuka iliyokunjwa mara mbili. Wekundu ukaisha. Nyinyi mmefundishwa magodoro ya kujazwa hewa, na ni mazuri, nimeyaona. Lakini mtaingia nyumba ambazo hazina hata umeme wa kuyajaza. Hapo ombeni ukambaa.

Bi Zuena ndiye aliyenifundisha kugeuza pia. Mimi nilikuwa namvuta Mama kwa mkono wake mbovu. Alinipiga kofi la vidole.

"Mkono wa mtu si kishikio cha sufuria. Shika bega, shika nyonga. Tena mwambie kwanda. Mtu hata ikiwa hasemi, masikio yake yapo."

"Nimwambie nini, na hanipendi?"

"Mwambie: Mama, nakugeuza. Kupendana kutakuya baadaye, kwanda kugeuzana."

Niliicheka kauli ile miaka mingi, na nimeirudia kwa wake za watu wengi waliokuwa wakiuguza wakwe zao.

Kulisha nako niliharibu. Nilimpa chai nyepesi, ikapita njia siyo, akakohoa hadi macho yakamtoka, nami nikatoka mbio nikipiga kelele kwamba nimemuua. Hakufa. Alinitazama kwa lile jicho lake zima, na laiti ulimi wake ungekuwepo paka angesikia mengi. Tangu hapo nilimkalisha wima kwanza, kidevu chini, uji mzito kidogo kidogo kwenye upande mzima wa mdomo, na kijiko cha pili hakiendi mpaka cha kwanza kimemezwa. Kijiko ni kazi ya kusubiri. Mimi niliyekuwa nikimwaga unga kwenye maji yanayochemka kwa kukosa subira, nikafundishwa subira na kijiko.

Kilichonishinda ni kujua anachotaka. Alisema "ba, ba", nikaleta maji, kumbe anataka shuka. "Ba, ba", nikaleta shuka, kumbe anataka choo, na hapo tumekwisha chelewa. Alikuwa analia kwa hasira, nami nalia kwa uchovu, na mchana unapita hivyo.

Basi Jumapili moja Yona aliwaleta wale makarani wasali kando ya kitanda cha mamake, kwa kuwa yeye hakuweza kwenda. Mimi nilikuwa nje kwenye kiwanda, yaani uani, nafua. Wakaanza wimbo wa zamani wa kule mtoni, wenye habari ya maji ya uzima. Nikasikia sauti ya mwanamke. Nikajiuliza, wamekuja na mke wa nani? Nikachungulia na sabuni mikononi.

Alikuwa ni Mama. Anaimba! Maneno yote, ubeti mzima, yamenyooka, hakuna "ba" hata moja. Waimbaji walishtuka, mmoja baada ya mwingine wakanyamaza, na walipokwisha nyamaza naye akanyamaza. Yona akapiga magoti. "Mama! Mama, sema nami!" Akasema, "Ba." Wakaanza tena wimbo, akaimba tena, machozi yanamtiririka, na nusu ya mdomo wake inacheka.

Siku hizi madaktari wanajua jambo hili. Wameniambia kwamba wimbo una chumba chake ndani ya kichwa, na wakati mwingine ugonjwa hubomoa chumba cha maneno ukakiacha cha wimbo kizima. Sisi hatukujua hilo. Tulijua tu kwamba Mama yumo, mlango mmoja umefungwa na mwingine uko wazi.

Lakini ndio taabu ilipoanza, maana kesho yake waimbaji walirudi kazini na mimi sijui hata wimbo mmoja. Kabla Yona hajapanda mashua nilimkamata kanzu. "Huondoki mpaka unifundishe." Akanifundisha tatu tukitembea hadi forodhani, mimi na buibui la kuazima, yeye na ndoo zake, watu wanatutazama. Nilijifunza nyimbo za Mungu kama mtu anayejifunza kufungua kufuli. Sikuwa na habari na maana yake. Nilitaka kujua kama mwanamke ana kiu.

Na ikawa hivyo! Nikianza ule wa maji, akiwa na kiu anaudaka na kuuimba. Kama hana kiu ananyamaza. Wimbo wa jua kuchwa ulikuwa wa kulala. Na ule wa kuvuka mto kwenda ng'ambo, Mungu anisamehe, tuliufanya wa kwenda choo. Mpaka leo ukiimbwa mazikoni, watu wote wameinamisha vichwa, mimi nauma khanga nisicheke.

Baadaye nikapata ujasiri wa kutia maneno yangu ndani ya tuni zao. "Mama, Mama, wataka uji?" Naye polepole akaanza kuchomeka yake. Neno lake la kwanza mwenyewe, ambalo halikuwemo katika wimbo wowote, mnalijua ni lipi? Nilimpa kijiko cha uji, akaumeza, akavuta pumzi, akaimba kwa sauti ya ibada: "Chumviii." Nilikimbia ngazini kumwita Bi Zuena. Tulikumbatiana kama watu waliopata mjukuu.

Kosa langu kubwa nililifanya mwezi wa Ramadhani. Nyumba yetu ilipakana na msikiti, ukuta mmoja, dirisha letu juu kabisa kwenye ukuta huo. Usiku wa kwanza watu wamesimama kwa tarawehe, mtaa kimya, Mama akataka kuvuka mto. Nikaanza kumwimbia, na kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa zito nilipaza sauti: Mama, Mama, wataka choo, choo kikubwa au kidogo? Naye akanijibu, kwa sauti iliyonyooka, ubeti wote. Swala ilipoisha nikasikia patapata za Bi Zuena zikishuka ngazi kwa kasi.

"Kadzo! Msikiti mzima wayua kuwa mkweo ataka choo!"

Nilitaka ardhi inimeze. "Bi Zuena, nisamehe. Watatufukuza?"

Alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Akakaa kwenye ngazi akacheka hadi akaushika ubavu wake. "Imamu mwenyewe ameniita dirishani akasema, mwambieni binti yule Mngu amlipe kwa kumtunda mkwewe. Lakini amesema pia, asubiri tutoe salamu."

Tukapanga. Swala ikianza, Bi Zuena anagonga sakafu yake mara moja kwa mchi; ikiisha, anagonga tena, sisi tunaimba. Ajabu ni kwamba Mama ndiye aliyeushika utaratibu ule kuliko mimi. Adhana ikianza tu, anafumba mdomo na kuniinulia kidole cha mkono mzima, nyamaza, wenzetu wanasali. Na mchi ulipogonga mara ya pili alikuwa anaanza yeye, kama jogoo aliyefunguliwa banda.

Siku moja nilimuuliza Bi Zuena kama kelele zetu za Kikristo hazimchukizi. Alikuwa anasuka mkeka, hakuinua uso. "Kila mtu na ndia yake, Kadzo, na Mola ndiye ayuaye. Lakini mgonjwa akiimba, nyumba ina baraka. Mimi mamangu alikufa kimya."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Namwogesha Mama miguu: maji ya uvuguvugu, kitambaa kati ya vidole, kisha mafuta ya nazi kwenye visigino. Nilikuwa naimba ule wa maji ya uzima. Nilipofika mwisho nikainua macho nimwulize kama maji ni moto sana. Alikuwa amelala usingizi, anakoroma. Amelala tangu lini, sijui.

Nikajiuliza, basi nilikuwa namwimbia nani?

Nilibaki na kisigino chake mkononi. Nikatafuta ile hofu yangu, niliyokuwa nikilala nayo na kuamka nayo, ya koma na hasira zao. Haikuwepo. Nilipekua moyo wangu kila pembe kama mtu anayetafuta sindano, sikuiona. Yale maneno niliyoyaokota kwa ajili ya uji na choo yalikuwa yameingia ndani yangu, yakafagia, yakakaa. Nilikuwa na amani, wanangu. Mgongo ulikuwa bado unaniuma, mume bado yuko Manda, mkwe bado hajaniita jina, na nilikuwa na amani mpaka nikacheka peke yangu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni Wewe." Sikujua maombi mengine. Nikaendelea kupaka mafuta.

Sikumwambia Yona upesi. Nilijificha nayo kama mwenye mimba changa. Ubatizo ulikuja baadaye, mchungaji alipopita na kuuliza kama tuna chombo kisafi, na kisafi kilichokuwepo ni bakuli la uji la Mama. Nilibatizwa kwa bakuli la uji. Nani mwingine mnayemjua?

Lakini kabla ya hapo alikuja Mzee Komora.

Huyu alikuwa ndugu wa Mama Debora, mjomba wa Yona, na mzee wa kanisa kule mtoni. Alifika Jumapili, koti jeusi juu ya kikoi, na vijana wawili wenye mabega na machela. Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alimbusu dadake kwenye paji la uso, akaketi, akasema kwa utaratibu.

"Yona, umefanya uwezalo. Lakini dada yangu hatafia kwenye chumba cha kupanga, mikononi mwa mtoto wa watu asiyemjua hata Mungu wa dada yangu. Kesho maji yakijaa tunaondoka naye."

Safari ile ni bahari wazi mpaka Kipini, kisha mtumbwi siku nzima juani. Mtu wa kugeuzwa na kulishwa kwa kijiko hafiki. Nilimtazama Yona, akainamisha kichwa. Kwao mjomba akisema, amesema.

Nikapiga goti. "Mjomba, umemwuliza mwenyewe?"

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, mgonjwa haulizwi uji. Na huyu hata akiulizwa, atajibu nini?"

"Mimi humwuliza uji kila siku, na hunijibu. Tena hunijibu vibaya. Lakini haulizwi kwa maneno makavu, Mjomba. Ni lazima umwimbie."

Mzee wa watu alikuwa amekuja kubeba mgonjwa, hakuja kuimba. Alikohoa, akavua miwani, akaivaa tena. Akaimba: "Dada, Dada, wataka twende kwetu?" Alitumia tuni mpya ya kwao ambayo Mama hakuijua, na aliianzia juu sana, sauti ikakatika njiani. Vijana mlangoni wakatazama miguu yao. Mama akasema, "Ba."

Akajaribu tena. "Ba, ba."

Akageuka, macho yamejaa maji. "Mnaona wenyewe."

Nikataka kuanza mimi ule wa maji, anaoujua, nikajizuia. Maana ilinijia ghafla kwamba anaweza kuimba "twende". Ana haki. Ni kwao, ni nduguye, ni mto wake. Na nilijua saa ileile kwamba nampenda mwanamke huyu, kwamba kugeuzana kumetufikisha, na kama akisema anaondoka nitabaki na kitanda kilichokazwa vizuri kisicho na mtu.

Ndipo kutoka juu ya ngazi ikashuka tuni ile, inavumishwa tu, mdomo umefungwa, hakuna neno. Bi Zuena. Maneno yalikuwa yetu, hakuyagusa, lakini tuni ilikuwa imepita kwenye dari lake asubuhi na jioni muda wote ule. Aliivumisha taratibu, kama anayembembeleza mtoto wa jirani.

Mama aliinua mkono wake mzima, akaanza kugonga mbao ya kitanda. Akamtazama nduguye. Akaimba, kila neno limesimama peke yake:

"Siendi, ndugu, siendi.
Uji wa Kadzo una madonge.
Una madonge. Siendi."

Yona ndiye aliyeanza kucheka, kisha akawa analia, kisha sikujua tena ni lipi. Mzee Komora alivua miwani yake, akatutazama mmoja mmoja.

"Kadzo ni nani?"

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Ni mimi, Mjomba."

"Na madonge?"

"Ni yangu pia."

Alirudi Tana na machela tupu, ndani yake halua ya Bi Zuena imefungwa vizuri. Mama alikaa nasi mpaka binti yangu wa kwanza akajua kumwimbia "wataka uji", na akaondoka siku yake ilipofika, ameshikwa mkono, katika wimbo wa jua kuchwa. Kuanzia hapo watu wakaanza kuniita: Kadzo, njoo umtazame baba, njoo umtazame shangazi. Nikaenda, miaka na miaka. Katika kila nyumba, ya Mwislamu, ya Mkristo, ya mtu asiyejijua ni nani, nilianza kwa kuuliza huyu mgonjwa alikuwa akipenda kuimba nini, au kusoma nini, au kumtania nani. Glavu zilikuwa hazijafika, lakini hilo lilikuwepo. Wahenga nawaheshimu, lakini nyinyi mkiingia kwa mgonjwa, mwulizeni uji.

Jioni ile ya Mzee Komora niliingia jikoni. Siku zile uji wangu haukuwa tena na madonge, nilikwisha jifunza kukoroga unga kwa maji baridi kwanza. Mama mkwe alikuwa ananichokoza tu. Nikaukoroga mpaka ukawa laini kama maziwa. Kisha nikaacha donge moja, dogo, jororo, msije mkanishtaki kwa waalimu wenu. Nikamkalisha wima, kidevu chini, nikampa kijiko. Akalipata kwa ulimi, akalizungusha upande mzima wa mdomo, akanitazama, akacheka mpaka nikalazimika kusubiri kabla ya kijiko cha pili.